Sindano ya Bi Mkubwa

Mwadhini wa Majengo alipokuwa bado anasafisha koo, mkaa wa Zaitun binti Hasani ulikuwa umekwisha kushika. Mtaa mzima ulijua. Wanawake waliochelewa kuamka waliuona moshi wake ukipanda juu ya mapaa ya udongo wakaambiana, "Yule keshaanza." Hakuwa na watoto wa kuwawahi kwa uji, mwanawe wa pekee, Mwajabu, alikwisha kuolewa kwao Kondoa. Wala hakuwa akipika maandazi ya kuuza. Zaitun alikuwa akichemsha sindano ya mumewe.

Ilikuwa miaka ile Waingereza walipokuwa wakipambana na visiki vya Kongwa ili walime karanga, na ardhi ikawacheka. Abbasi, mume wa Zaitun, Mrangi kama yeye, alinunua mtama na uwele kwa Wagogo akaupakia kwenye malori ya kwenda kulisha vibarua. Alikuwa mtu wa kimo na sauti, mwenye kubeba gunia begani huku akitaniana na watu. Kisha mwaka mmoja akaanza kukauka. Kanzu ikawa inamning'inia kama iliyotundikwa kwenye mti. Akawa anaumaliza mtungi wa maji peke yake, na kukicha sisimizi wamejipanga nyuma ya ua pale alipokojoa, kama mtu amemwaga sukari guru. Watu wakasema amerogwa na wenzake wa sokoni. Ndugu zake wakataka arudishwe Kondoa kwa mganga. Zaitun hakubishana na mtu. Alimfunga mumewe shuka, akamkokota hadi kwa Daktari Badrudin, Mhindi aliyekuwa na chumba cha kutibia nyuma ya duka la vitambaa la Vithaldas.

Daktari akasema ni ugonjwa wa sukari, na kwamba dawa yake haimezwi, huchomwa, kila asubuhi, maisha yote. Akatoa sindano ili amwonyeshe Abbasi namna ya kujichoma. Abbasi akaitazama, akageuza uso ukutani.

"Daktari, mimi sijichomi. Bora unichinje."

"Basi nani atakuchoma? Mimi siwezi kuja Majengo kila siku."

"Mama Mwajabu atanichoma," Abbasi akasema, bado anautazama ukuta. "Amenichoma kwa maneno tangu nilipomwoa, mkono wake hautetemeki."

Daktari akacheka. Zaitun hakucheka, maana alikuwa amekwisha kulishika lile bomba la kioo na anatazama mwanga ukipita ndani yake.

Hakujua kusoma. Alijua kutazama, kazi ambayo siku hizi imekufa, kwa kuwa kila mtu anasubiri aandikiwe. Daktari alimwonyesha kuchukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, matone machache tu, kuyadondoshea ndani ya kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, na kukisimamisha kichupa kwenye maji yanayochemka. Rangi ikibaki buluu, sukari haipo. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikifika nyekundu iliyokolea, ile ya makorongo ya Kondoa baada ya mvua, basi ni balaa. Kisha chupa ya dawa yenyewe, nyeupe kama maji yaliyooshewa kibuyu cha maziwa: uivingirishe viganjani polepole, usiitikise. Kwenye kioo cha bomba kulikuwa na mistari midogo mingi, na kando ya mmoja daktari alikwaruza alama kwa tupa.

"Dawa ifike hapa, Mama. Isipungue, isizidi, mpaka mimi niseme. Na kama atatoka jasho, atetemeke, aongee kama mlevi, hapo sukari imeshuka. Mpe kitu kitamu upesi. Kuizidisha dawa hii ni kuua."

Zaitun akaitikia. Chupa akaiweka nyumbani katika chungu kidogo kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji, pembeni mwa chumba pasipofikiwa na jua, na chupa ya akiba ikabaki kwa daktari, katika friji ya mafuta ya taa ya mkewe Gulzar, karibu na siagi.

Miezi ikapita. Mashavu ya Abbasi yakajaa. Sauti ikarudi sokoni. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, akainua kikoi, akafumba macho, na Zaitun akamchoma paja la kulia leo, la kushoto kesho. Baada ya hapo akampa uji wa uwele usio na sukari, na Abbasi akanywa akilalamika. Hakuna mwanamke mwingine pale Majengo ambaye mumewe alimjia kila siku namna ile, macho kafumba, mwili wake mkononi mwake. Wengine waliona mzigo. Zaitun aliona ndiyo ndoa yenyewe.

Ilikuwa asubuhi mojawapo ya hizo, pamba bado imebanwa pajani, Abbasi alipofungua mdomo.

"Mama Mwajabu, nina neno."

"Sema. Mguu usiutikise."

"Nataka kuongeza nyumba."

Zaitun aliendelea kuibana ile pamba. "Hii inavuja?"

"Haivuji."

"Basi unaongeza ya nini?"

"Sheria imeruhusu."

"Sheria imeruhusu. Na daktari umemwuliza?"

Abbasi akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye mambo yamekwisha kupangwa kwingine. Zaitun akaondoa pamba, akaitazama. Palikuwa na tone moja la damu. Akawaza: nguvu hizi nimemtia mimi kwa mkono wangu, kidogo kidogo kila asubuhi, na sasa anazipeleka kwa mtu.

Mtu huyo aliitwa Sikudhani, mwanamke kijana aliyeachika mara moja bila mtoto, binti wa mlina asali wa milima ya Irangi. Abbasi alimjengea upande wa pili wa kiwanja kilekile, vyumba viwili, na katikati akatia ua wa mabua ya mtama wenye kilango. Siku ya ndoa shehe alimwapisha mbele ya watu: alale kwa zamu bila kupendelea, na maneno ya nyumba moja yasivuke kwenda nyingine. Wake nao wakaambiwa: usiku wa mwenzako si wako, usiuchungulie, usiuulize, na mlango wake usiukanyage mpaka jua lipande. Watu wa siku hizo walikishika kiapo. Leo mwanamume mwenye wake wawili ndiye gazeti lao yeye mwenyewe. Anatoka huku anasema kule kimepikwa nini. Abbasi hakuwa hivyo. Alipovuka kile kilango, kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

Lakini sindano ilibaki kwa Zaitun. Chungu kilikuwa kwake, mkono ulikuwa wake. Kwa hiyo hata usiku wa Sikudhani ulipokwisha, Abbasi aliamka kabla ya watu, akavuka ua na kichupa chake cha mkojo mkononi, akaja kuketi kwenye kigoda. Sikudhani hakupendezwa. Alifagia upande wake akiongea na ufagio.

"Kuna watu usiku umewashinda, wamebaki kuvizia asubuhi."

Na Zaitun, akipuliza mkaa, akaijibu birika. "Wewe birika, kaa na usiku wako. Mtu akitaka kuishi anajua aje wapi."

Ndiyo jambo lililompa pumzi. Usiku ulikuwa na wenyewe wawili. Asubuhi ilikuwa na mwenyewe mmoja.

Siku saba za fungate Abbasi alikula ng'ambo. Harufu ya pilau ilipita katikati ya mabua, na kicheko pia kilipita. Asubuhi alipokuja na kichupa, Zaitun akakichemsha, na ile buluu ikageuka mbele ya macho yake, ikapita kijani bila kusimama, ikapita njano, ikatulia kwenye nyekundu. Akamtazama mumewe. Alipoinama kumchoma alisikia harufu ya asali katika pumzi yake.

"Umekula nini, Baba Mwajabu?"

"Maneno ya nyumba hayavuki, Mama Mwajabu."

Hakumwuliza tena. Alivuta dawa ikapita alama ya daktari kwa mstari mmoja. Akajiambia kwamba anaziba tundu lililotobolewa na mwingine.

Fungate ikaisha, zamu zikaanza. Usiku aliolala kwake, Zaitun alimpa ugali wa mtama na mlenda, akamwongezea maziwa kabla hajalala, na asubuhi rangi ikawa buluu, au kijani cha jani changa. Lakini Abbasi alipotoka ng'ambo rangi ilikuwa ya tofali. Mara hii, mara ile, na kila mara. Zaitun akaona ameshika ushahidi. Yule binti wa mlina asali anamlisha utamu usiku ili ampendeze, naye Abbasi kama mtoto anaramba. Hapo ndipo alipobuni hesabu yake, na ilikuwa hesabu ya wivu. Asubuhi ya siku ambayo usiku wake Abbasi angelala kwake, Zaitun alivuta dawa hadi kwenye alama. Asubuhi ya siku ambayo Abbasi angelala ng'ambo, aliipitisha alama, ili dawa ikautangulie ule utamu na kuungoja. Rangi ilipozidi kuwa nyekundu, naye akazidi kupitisha. Abbasi hakuona, macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Na kwa nini asiamini? Mambo yote yalimshuhudilia. Abbasi alipotoka ng'ambo alikuja akiburuta miguu, uso umempauka, anashika kichwa, mtu aliyechoka usiku kucha. Zaitun alijua, au alidhani anajua, ni uchovu gani humpata mume katika nyumba ya mke kijana. Tena kulikuwa na lile shuka. Kila asubuhi ya zamu yake, Sikudhani alitoka na shuka lililofuliwa akalianika juu ya ua wa mabua, upande ambao Zaitun hawezi kuacha kuliona. Shuka jeupe, linadondosha maji, watu wote wa mtaa wapite walione. Mwanamke mwenye haya hufua na kuanika ndani. Huyu alianika ushindi wake.

"Leo tena?" jirani mmoja alimnong'oneza Zaitun kisimani. "Huyo mwenzio atawamalizia sabuni."

"Mwache afue," Zaitun akasema. "Uchafu ni wake."

Lakini aliporudi alikaa mbele ya lile shuka mpaka likakauka. Aliwaza mambo ambayo mwanamke wa makamo hapaswi kuyawaza, akayawaza yote. Jioni akamuuzia mtu kuku wake wawili akanunua kanga mpya. Abbasi akamwambia imempendeza, akavuka ua.

Kisha ikaja asubuhi ya kipupwe, upepo wa Dodoma unasukuma vumbi chini ya milango. Jana yake Zaitun alikuwa ameivuta dawa kupita alama kuliko siku zote, kwa sababu Sikudhani alikuwa ameimba. Ndiyo, kuimba tu, akitwanga. Zaitun alichemsha sindano, akachemsha maji ya kichupa, akakaa. Mwadhini akaadhini. Watu wakaswali wakatoka. Kigoda kilikuwa kitupu.

Akaongeza mkaa. Maji yakapungua, akaongeza maji. Ng'ambo ya mabua kulikuwa kimya, hapakuwa na ufagio wala shuka. Basi leo wamepitiwa, akawaza. Leo hata sindano amesahaulishwa. Kile kidogo nilichobakiwa nacho kimechukuliwa, tena kimechukuliwa akiwa amelala kifuani pa mtu.

Matonya, Mgogo aliyekuwa akiwaletea maziwa, akaingia na kibuyu chake begani.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, Matonya."

Matonya akatazama jiko, akatazama kigoda. "Mzee leo kasahau njia?"

"Mimina maziwa."

"Ninamimina. Nasema tu. Fahali wangu mimi akilala mpaka jua likampata, sisemi ameshiba. Naenda kumtazama."

"Fahali wako hana mazizi mawili."

"Kweli, hana," Matonya akasema. Akamimina maziwa, akaondoka akijichekea.

Zaitun akabaki. Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na kiapo cha shehe kilikuwa wazi: mlango wa mwenzako usiukanyage. Hatavuka. Akivuka, yule Sikudhani atasema amekuja kuchungulia. Hatavuka. Akakaa nalo hilo neno huku maneno ya Matonya yakimrudia. Kisha akasimama, na si huruma iliyomwinua. Aliona kwamba ana sababu. Mtu mgonjwa hajachomwa. Nani atamlaumu mwenye sindano? Ataingia, atawakuta walivyo, atamchoma mumewe mbele ya macho ya yule mwanamke. Akavuta dawa, akaipitisha alama tena, akafunika bomba kwa kitambaa safi, akasukuma kilango.

Alikuta mlango wa Sikudhani umefunguliwa nusu. Abbasi alikuwa kitandani. Sikudhani alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, amemwinua kichwa, kanga imemwanguka mabegani, na kidole chake kilikuwa kinywani mwa Abbasi. Kibuyu cha asali kilikuwa wazi pembeni yake.

"Nilijua," Zaitun akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Unamlisha kama kifaranga."

Sikudhani aligeuka. Hakuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa analia, na inaonekana alikuwa analia tangu kitambo.

"Afadhali umekuja, dada. Leo hamezi. Siku nyingine humeza. Leo inamwagika tu."

"Toka hapo. Hajachomwa. Sukari imempanda, wewe bado unamwongezea."

Akafunua kitambaa. Sikudhani alipoiona ile sindano aliruka kutoka kitandani, akasimama katikati ya Zaitun na mume wao, mikono ikiwa imejaa asali.

"Hiyo haiingii humu leo."

"Unanizuia mimi? Mimi niliyemtoa kaburini kabla wewe hujajua jina lake?"

"Nakuzuia. Dada, nichape, nitukane, lakini usimchome. Mshike kwanza. Mshike tu."

Zaitun akamsukuma, akaweka mkono kwenye kifua cha Abbasi, na mkono ukateleza. Mwili ulikuwa wa baridi, umelowa. Fulana imelowa. Shuka chini yake lilikuwa limelowa mpaka godoro, maji matupu, jasho la mtu mzima lililotoka usiku kucha. Abbasi akafumbua macho nusu, akasema jambo kuhusu magunia, ulimi mzito kama wa mlevi.

Mlevi. Zaitun akaisikia sauti ya daktari waziwazi, kana kwamba yumo chumbani. Atatoka jasho, atetemeke, aongee kama mlevi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu fungate. Hutetemeka, hulowa. Mara ya kwanza aliniomba mwenyewe, akasema nipe asali, nikampa, akapata nafuu. Basi kila ikimjia nampa. Asubuhi nafua shuka." Sikudhani akajifuta uso kwa kiwiko. "Nilimwambia tukuambie. Akasema ameapa. Na mimi niliapa. Usiku wangu ningekuletea vipi wewe? Ungesema najisifu."

Zaitun alilitazama shuka. Kisha akaitazama sindano mkononi mwake, na dawa iliyopita alama. Alikwenda mlangoni, akausukuma mchi wa bomba, dawa yote ikamwagikia vumbini. Akarudi, akapanda kitandani kwa upande wa pili.

"Mwinue zaidi. Si kwa kidole, atakuuma. Ipake ndani ya shavu, huku, kidogo kidogo. Mpapase koo ili ameze. Hivyo."

Wakampaka, mmoja shavu hili, mmoja shavu lile, hawatazamani. Mabega yao yaligusana na hakuna aliyejitenga. Jua lilipofika kwenye kizingiti Abbasi alimeza, akakohoa, akauliza kwa nini wake zake wote wawili wako kitandani na yeye amevaa fulana.

"Nyamaza unywe maziwa," Zaitun akamwambia.

Daktari Badrudin alipopelekewa habari alikuja mwenyewe, amefunika mdomo kwa leso kwa ajili ya vumbi. Alimpima Abbasi, akauliza hili na lile, na Sikudhani akajibu yote, kwa kuwa kiapo kilikuwa kimekwisha kuvunjika tangu asubuhi. Daktari akatoka hadi kwenye chungu cha Zaitun, akainua chupa, akaiinamisha kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki matone, na ilipaswa ifike mwezi unaofuata. Akamtazama Zaitun kwa muda. Zaitun akatazama mchanga.

"Nisikilizeni wote," daktari akasema waliporudi chumbani kwa mgonjwa. "Dawa hii hufanya kazi polepole, nguvu yake hukaza usiku. Ikizidi asubuhi, mtu anazama usiku. Na akizama, mwili unaogopa njaa, unafungua ghala lake, unamwaga sukari yote uliyoiweka akiba. Ukiongeza na asali, kukicha mkojo ni mwekundu. Mwenye kupima anaona wekundu, anasema dawa haitoshi, anaongeza. Anaongeza kwenye moto uleule. Asubuhi ikiwa mbaya, kabla hujagusa dawa uliza kwanza: usiku alikuwaje?"

"Na wa kuuliza haruhusiwi kuuliza," Abbasi akasema kutoka kitandani, sauti bado nyembamba.

"Basi anayejua usiku ndiye apime asubuhi. Nitaleta sindano ya pili. Mama, utamfundisha mwenzako."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwomba maji. Daktari alikuwa amemhukumu bila kumtaja, na hukumu ilikuwa ile aliyoiogopa kuliko zote. Asubuhi zimegawanywa.

Jioni yake Sikudhani alivuka kilango kwa mara ya kwanza, amejifunga kanga vizuri, akapiga hodi kama mgeni, akaamkia. Daktari alikuwa amempa bomba jipya, lisilo na alama, na tupa ndogo ili Zaitun akwaruze alama mwenyewe.

"Nionyeshe, dada. Dawa inafika wapi?"

Zaitun alilishika lile bomba. Mistari ilikuwa mingi, imekaribiana kama meno ya chanuo. Mbele yake alikaa mwanamke kijana, hajui lolote, anamwamini. Mstari mmoja tu chini ya ule wa kweli, na asubuhi za ng'ambo zingekuwa nyekundu milele, na Abbasi angerudi mwenyewe kwenye kigoda akisema yule hawezi. Hakuna ambaye angejua. Kidole chake kikaenda pale, kikakaa. Sikudhani akainama aone vizuri, na Zaitun akaona kwamba mikono ya yule binti, hadi vifundoni, imechubuka na kupasuka kwa sabuni ya kufulia mashuka.

Akapandisha kidole.

"Hapa," akasema. Akakwaruza alama mara mbili ili isifutike. "Isipungue, isizidi. Hata akuudhi namna gani. Hata mimi nikuudhi."

Sikudhani alimtazama. Labda alielewa, labda hakuelewa. "Nimesikia, dada," akasema.

Basi ikawa hivyo. Usiku wa nani, asubuhi ya nani. Zaitun aliendelea kuwasha mkaa kabla ya mwadhini hata siku zisizo zake, kwa kuwa mwili umezoea, akakaa mbele ya maji yanayochemka bila kitu cha kuchemsha. Akasikiliza. Ng'ambo ya mabua alisikia kioo kikigonga sufuria. Akamsikia Abbasi akisema, "Taratibu, wewe, hilo ni paja si gunia," na kicheko. Kicheko kile kilimwingia pale sindano huingia.

Siku hizi wajukuu zao wanajitoboa kidole, kimashine kinawaambia tarakimu, wanakwenda zao bila kumuuliza mtu wala kuulizwa. Hakuna anayehitaji mwenzake kumtazamia rangi.

Sikudhani alihitaji. Siku moja jua halijapanda, alisimama kwenye kilango, hakuvuka, akanyoosha mkono wenye kichupa kupita juu ya ua.

"Dada, nitazamie. Hii ni buluu, au inaanza kijani? Alilala vizuri, hakutoka jasho."

Zaitun alikiinua kuelekea mwanga. Ilikuwa buluu, safi, kuliko buluu yoyote aliyopata kuitoa yeye mwenyewe mwaka mzima. Alikishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Buluu," akasema, akamrudishia. "Mpe uji. Usiutie sukari."

"Analalamika."

"Mwache alalamike. Alilalamika kwangu pia."

Akarudi kwenye jiko lake, akaiondoa sufuria motoni, akamwaga maji ya moto aliyoyachemsha bure.